Mwanafunzi wa mifugo asiishie kuifupisha habari

Kila ninaposahihisha kazi ambazo wanafunzi wa kilimo na sayansi ya wanyama wameandika kuhusu habari za wakati huu, nakutana na mtindo uleule. Aya mbili za kusimulia upya kilichotangazwa, aya moja ya kusema suala hili ni muhimu sana, kisha wito kwa serikali na wadau wachukue hatua. Lugha imenyooka, tahajia haina tatizo, ila mnyama mwenyewe hayumo. Inaniuma, kwa sababu kesho hawa ndio watakaoulizwa na mfugaji aliyeshika simu mkononi: "Daktari, hii niliyotumiwa ni kweli?" Mfugaji huyo habari ameshaisoma. Anachotaka ni mtu wa kumwambia inamhusu vipi.

Tuchukue mafua ya ndege kwa ng'ombe. Machi 2024 Marekani ilithibitisha kwamba virusi vya H5N1 vimeingia kwa ng'ombe wa maziwa, wakianzia majimbo ya Texas na Kansas. Kabla ya uthibitisho huo, wafugaji na madaktari wa mifugo walikuwa wameshaona ng'ombe wakisusa chakula, maziwa yakishuka ghafla, mengine yakitoka mazito na ya njano kama dang'a. Na kwenye baadhi ya mashamba hayo, paka waliokunywa maziwa mabichi walikuwa wanakufa. Aliyesomea fani hii akifika hapo kwenye paka, anapaswa kusimama. Kwa nini paka, na kwa nini waliokunywa maziwa? Swali hilo linampeleka kwenye kiwele, na kweli kiweleni ndiko virusi vilikokuwa vimejazana. Kutoka hapo anaweza kuanza kufikiri kuhusu mashine ya kukamulia inayotoka kwa ng'ombe mmoja kwenda kwa mwingine, kuhusu mkamuaji anayerukiwa na maziwa machoni, kuhusu ng'ombe wanaosafirishwa wakiwa hawajaonyesha dalili yoyote. Majibu niliyozoea kuyasoma huwapita paka kwa sentensi moja na kwenda kwenye "umuhimu wa chanjo".

Mwezi uliofuata ikaja habari nyingine: vipande vya virusi vimekutwa kwenye maziwa ya dukani, karibu sampuli moja kati ya tano. Watu waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Lakini hapa ndipo darasa linapotakiwa kuonekana. Kipimo cha PCR hutafuta chembe za urithi za kirusi, na chembe hizo hubaki hata kirusi kikishakufa. Kujua kama kuna kirusi hai unahitaji kipimo cha namna nyingine, kwa mfano kuingiza sampuli kwenye mayai ya kuku yenye kijusi uone kama kitazaliana. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilifanya hivyo, na kwenye maziwa yaliyokwisha kupashwa moto kiwandani haikupata kirusi hai. Mwanafunzi aliyeandika "maziwa yana virusi" na yule aliyeandika "maziwa ni salama, watu waache woga" kwangu wamekosea sawa, maana hakuna kati yao aliyeuliza kilichopimwa ni nini. Na wa pili alisahau kabisa watu wanaokunywa maziwa mabichi.

Jibu lililonifurahisha kuliko yote lilihusu habari tofauti. Mwishoni mwa 2024 kampuni ya maziwa ya Arla ilitangaza majaribio ya Bovaer kwenye mashamba ya Uingereza. Hicho ni kirutubisho kinachochanganywa kwenye chakula cha ng'ombe, kiasi cha robo kijiko cha chai kwa ng'ombe kwa siku, ili apunguze kucheua methani, gesi inayochangia kuongeza joto la dunia. Mitandaoni watu wakajirekodi wakimwaga maziwa kwenye sinki. Nusu ya darasa ilishughulika na wale wamwagaji. Mwanafunzi mmoja akashughulika na tumbo. Alieleza kwamba ndani ya rumeni, chumba kikubwa cha tumbo la ng'ombe, kuna vijidudu vinavyounganisha haidrojeni na kaboni dioksaidi kutengeneza methani, kwamba kirutubisho hiki huzuia kimeng'enya cha hatua ya mwisho, na kwamba chenyewe huvunjikavunjika humohumo tumboni ndani ya saa chache. Halafu akauliza: kama hakidumu, ng'ombe anayeshinda malishoni na kupewa chakula cha kuchanganya wakati wa kukamuliwa tu atafaidika nini? Lile punguzo la methani la asilimia 30 hivi linalotajwa kwa ng'ombe wa maziwa linatokana na wanyama wanaolishwa kwa namna gani?

Hakuwa na jibu, wala sikumtaka awe nalo. Swali lake lilikuwa na thamani kuliko kurasa za wenzake, kwa kuwa lilitoka kwenye fiziolojia aliyofundishwa muhula uleule na kuishia zizini.

Najua wapo walimu wanaoona ni mapema mno kumtaka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apinge takwimu za mashirika makubwa. Mimi sikubali. Takwimu zenyewe hubadilishwa na walioziandika. Mwaka 2006 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilisema mifugo inachangia asilimia 18 ya gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu, zaidi ya usafirishaji. Baadaye ulinganisho ule ulikosolewa kwa hoja ya msingi: kwa mifugo walihesabu mnyororo mzima, kuanzia misitu iliyokatwa na chakula kilicholimwa, ila kwa magari walihesabu moshi wa mafuta tu. Mwaka 2013 shirika hilohilo likaja na asilimia 14.5, na 2023 likaja na 12. Ukosoaji wa aina ile hauhitaji shahada ya uzamivu. Unahitaji mtu wa kuuliza, "Hapa mmejumlisha nini na nini?"

Kwa hiyo wahadhiri wenzangu, tubadilishe tunachokipa maksi. Muhtasari upewe kidogo sana, au usipewe kabisa. Maksi ziende kwa anayetaja mnyama gani alihusika, wa umri gani, analishwaje, kilipimwa nini na kwa muda gani, na gharama anaibeba nani. Na wale waliokulia kwenye mifugo tuwaache waandike wanachokijua. Nimesoma kazi za vijana waliowahi kukesha na ng'ombe aliyeshindwa kuzaa wakiandika kana kwamba hawajawahi kumgusa, kwa hofu kwamba ya nyumbani si elimu. Kisha miezi sita baadaye turudishe karatasi zilezile, kila mmoja aandike chini ya jibu lake la kwanza ni nini kimethibitika na ni nini kimegeuka. Kwa habari ya ng'ombe na mafua ya ndege, hiyo nafasi ya chini itahitaji ukurasa mzima.