Alama nane anazonyimwa bibi asiyejua kusoma

Wazo la kuwapima kumbukumbu wazee wote wanaolelewa kwenye makazi linavutia, na anayelipinga huonekana mtu wa kuogopa sayansi. Kule Marekani ni kazi ya kawaida: tangu 2010 wakazi wa nyumba za wazee huulizwa maswali mafupi yenye jumla ya alama 15. Kwa nini isiwe hivyo kwenye makazi ya wazee ya Bukumbi, kule Misungwi, mkoani Mwanza?

Hoja ya wanaotaka kupima siidharau. Mzee aliyechanganyikiwa huenda ana maambukizi ya mkojo, au tezi ya shingo imelegea, au hasikii tu. Hayo yanatibika yakigundulika.

Lakini itazame karatasi yenyewe. Kipimo mashuhuri kuliko vyote, cha Folstein, kilitoka Marekani 1975. Kina alama 30. Ukipata chini ya 24 unashukiwa. Toa 7 kwenye 100, toa tena, hadi mara tano: alama 5. Soma sentensi ufanye inachosema: 1. Andika sentensi yako: 1. Nakili maumbo ya pembe tano yaliyopishana: 1. Jumla 8. Sasa mkalishe bibi wa Kisukuma ambaye hajawahi kushika kalamu, ila ng'ombe wa mahari yake anakutajia mmoja mmoja kwa rangi. Mengine yote akiyapatia, anabaki na 22. Keshashukiwa, na hajasahau kitu!

Na Usukumani shaka hiyo haiishii kwenye faili. Vikongwe wameuawa huku kwa sababu ya macho mekundu yaliyodhaniwa ni alama ya uchawi, kumbe ni wekundu wa moshi wa jikoni. "Bibi yule akili zimeruka," likishatamkwa na mtu wa koti jeupe, nani atalirudisha? Wapo wasemao jina la ugonjwa lingemwokoa na jina la uchawi. Sawa, kama ugonjwa anao kweli.

Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliliona tatizo hilo la wasiojua kusoma wakatengeneza kipimo cha IDEA, kisichodai kusoma wala kuandika. Taja wanyama kwa dakika moja. Leo siku gani? Panga njiti za kiberiti hivi. Daraja ni kitu gani? (Wazee wa Misungwi, waliozeeka wakivuka ziwa pale Kigongo kwa kivuko hadi daraja lilipofunguliwa 2025, hapo watakuwa na mengi ya kusema.) Hicho ningekikubali, ingawa nacho ni chujio tu; ugonjwa huthibitishwa na daktari. Kama hakuna gari wala fedha ya kumfikisha bibi hospitali ya Bugando akapimwe damu na masikio, tusimsumbue hata kwa njiti.