Serenadi ya Dvořák si muziki wa karamu

Inaniuma kila nikisikia Serenadi ya vyombo vya kupuliza ya mtunzi wa Kicheki Antonín Dvořák, Opusi 44 (yaani kazi yake namba 44), ikiitwa muziki mwepesi. Jina ndilo linaloiponza. Zamani huko Ulaya serenadi ilikuwa burudani ya jioni, aghalabu bustanini, na wengi wameshaamua kabla ya kusikiliza.

Lakini iliandikwa lini? Agosti na Septemba 1877, mjini Prague, Dvořák na mkewe Anna walizika watoto wawili, Růžena na Otakar. Binti yao mwingine alikwisha kufa mwaka 1875. Nyumba ikabaki bila mtoto hata mmoja. Novemba akakamilisha Stabat Mater, wimbo wa kanisani juu ya mama anayemlilia mwanawe msalabani, na Januari 1878, kwa muda wa wiki mbili hivi, akaandika serenadi hii.

Sisemi ni maombolezo. Inaanza kwa mwendo wa gwaride, katika D maina, ngazi ya sauti yenye huzuni, na mimi humsikia humo mtu aliyejilazimisha kusimama na kutembea. Sehemu ya pili inaitwa minueti, dansi ya taratibu ya mabwanyenye, ila ukweli ni ngoma za vijijini kwa Wacheki, na katikati yake furianti, ngoma yao ya moto, inakurupuka kwa kasi.

Ya tatu ndiyo moyo wake. Klarineti na obo zinapokezana wimbo kama watu wawili wanaoongea usiku baada ya wageni wa msiba kuondoka. (Obo ni ndugu wa nzumari yetu ya pwani, zote hulizwa kwa matete mawili yanayogusana.) Mtunzi aliweka obo 2, klarineti 2, fagoti 2 na honi 3, kisha akaongeza selo na besi, vyombo viwili vya nyuzi vinavyopigwa kwa upinde. Wako wanaoshangaa nyuzi zinatafuta nini hapo. Mpulizaji lazima akate sauti avute pumzi, upinde hauhemi. Sauti za juu zinapokatika, chini pana kitu kinachoendelea kuzishika. Ondoa vyombo hivyo viwili vya nyuzi uone jinsi muziki unavyokosa pa kukanyaga.

Mtunzi Mjerumani Johannes Brahms aliielewa, na mwaka 1879 akaisifu kazi hii kwa rafiki yake Joachim, mpiga fidla.

Karibu na mwisho, katikati ya shangwe, gwaride la mwanzo linarudi. Ni lilelile, bado katika D maina. Halafu honi zinainuka, na kila kitu kinageuka D meja, ngazi ya sauti yenye nuru. Hapo huwa sitaki mtu anisemeshe.