Mieloma Inayofukuta: Kutibu Mapema au Kusubiri?

Miongoni mwa maamuzi yanayowagawa madaktari bingwa wa damu na saratani, lipo moja linalomhusu mtu ambaye hajisikii mgonjwa hata kidogo. Alipimwa damu kwa sababu nyingine, ikaonekana protini isiyo ya kawaida. Akatolewa uboho kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga, na seli za plazima, zile zinazotengeneza kingamwili, zikakutwa zimefika asilimia 10 au zaidi. Hata hivyo kalsiamu yake iko sawa, figo zinafanya kazi, damu haijapungua na mifupa ni mizima. Hali hii ndiyo mieloma inayofukuta, hatua ya awali ya mieloma, yaani saratani ya seli za plazima, na ubishi uliopo ni kama aanzishiwe dawa sasa au afuatiliwe kwa karibu hadi ugonjwa wenyewe utakapojitokeza.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kusubiri, na halikuwa jibu la uzembe. Utafiti wa Robert Kyle na wenzake wa Mayo Clinic, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba katika miaka 5 ya mwanzo takriban asilimia 10 ya wagonjwa hawa huingia kwenye mieloma kamili kila mwaka. Katika miaka 5 inayofuata kasi hiyo hushuka hadi asilimia 3 kwa mwaka, kisha hadi asilimia 1. Kwa hiyo daktari akiamua kuwatibu wote, atawapa dawa nzito watu wengi ambao wangekaa miaka mingi bila kuzihitaji, na baadhi yao wangefikwa na mauti kwa sababu nyingine kabisa. Dawa za mieloma hudhoofisha kinga ya mwili na kufungua njia ya maambukizi, na mtu asiye na maumivu hapati nafuu yoyote anayoweza kuihisi ili imfidie usumbufu huo.

Upande wa pili nao una hoja nzito. Kusubiri kwa vigezo vya zamani kulimaanisha kusubiri mpaka mfupa uvunjike au figo zishindwe, na figo zilizoharibika si lazima zirudi kama zilivyokuwa. Ndiyo sababu mwaka 2014 jopo la kimataifa la wataalamu wa mieloma lilibadilisha tafsiri ya ugonjwa: mwenye seli za plazima asilimia 60 au zaidi kwenye uboho, au mwenye uwiano wa minyororo myepesi ya kingamwili (vipande vidogo vya kingamwili vinavyopimwa kwenye damu) uliofika 100 au zaidi, au aliyeonekana kwenye kipimo cha MRI kuwa na zaidi ya doa moja la ugonjwa, atibiwe hata kama hana dalili. Uamuzi huo naona ulikuwa sahihi. Ubishi umebaki kwa wale walio chini ya mipaka hiyo.

Juu ya hao, majaribio mawili hutajwa sana. La kwanza, la Uhispania, lilichapishwa mwaka 2013 likiwa na wagonjwa 119. Waliopewa dawa za lenalidomaidi pamoja na deksamethasoni waliishi muda mrefu kuliko waliofuatiliwa tu. Wakosoaji walisema, na kwa haki, kwamba mifupa ya washiriki ilichunguzwa kwa eksirei za kawaida, hivyo huenda baadhi yao walikuwa tayari na mieloma kamili ambayo MRI ingeiona. La pili ni AQUILA, lililochapishwa Desemba 2024 likiwa na wagonjwa 390. Baada ya miaka 5, asilimia 63 ya waliochomwa dawa ya daratumumabu walikuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele, ikilinganishwa na asilimia 41 ya waliofuatiliwa. Na waliokuwa hai kwa jumla walikuwa asilimia 93 dhidi ya 87.

Takwimu hizo ni nzuri, lakini zinahitaji kusomwa taratibu. Vigezo vya hatari vilivyotumika kuwaingiza watu kwenye AQUILA ni vipana kuliko kipimo kinachotumika sana leo, kile kinachohesabu seli za plazima zaidi ya asilimia 20, protini ya mieloma zaidi ya gramu 2 kwa desilita, na uwiano wa minyororo myepesi zaidi ya 20. Kwa kipimo hicho, zaidi ya nusu ya washiriki wasingeitwa wa hatari kubwa. Tena, hata kwenye kundi lililofuatiliwa tu, watu 4 kati ya 10 walikuwa hawajasonga popote baada ya miaka 5, na hakuna ajuaye mapema nani yumo kati ya hao.

Hapa ndipo ubingwa unapopimwa, na kwa maoni yangu mjadala huu umeegemea mno kwenye majaribio, ukasahau usomaji wa mgonjwa mmoja mmoja. Chukua watu wawili wenye seli za plazima asilimia 22 na protini ya gramu 2.4. Wa kwanza, protini yake haijabadilika kwa vipimo vitatu mfululizo; wa pili ilianza gramu 1.6, ikapanda kila alipopimwa, huku wingi wa damu ukishuka polepole. Kipimo hicho cha hatari, jedwali lenyewe, kinawaweka kapu moja, ilhali wa pili ndiye anayeelekea kwenye ugonjwa. Na hata kwake, kabla ya kulaumu mieloma, daktari makini atapima madini ya chuma na vitamini B12, kwa kuwa damu hupungua kwa sababu nyingi. Vivyo hivyo kreatinini (taka ya damu inayoonyesha hali ya figo) iliyopanda kwa mwenye kisukari cha muda mrefu inaweza kutoka kwenye kisukari chenyewe. Kukosea hapo ni kumwingiza mtu kwenye tiba ya miaka mitatu kwa tatizo ambalo vidonge vya madini ya chuma vingelimaliza.

Kwa hiyo nampa wa pili daratumumabu, baada ya picha za MRI au PET kuthibitisha kwamba bado hajavuka mpaka wa mieloma kamili, kwa sababu akiwa ameshavuka, dawa moja peke yake ni tiba pungufu na anastahili mchanganyiko kamili wa dawa. Wa kwanza ningemfuatilia kila miezi mitatu kwa mwaka wa mwanzo, mradi awe na uwezo wa kufika kliniki bila kukosa. Asiyeweza kufuatiliwa hivyo ni suala jingine: kwake kusubiri kuna hatari ambayo jedwali haliihesabu, na mizani inaweza kuelemea upande wa tiba hata kama protini yake imetulia.