Freemason gani anadaiwa kodi?

Juzi kwenye grupu la ukoo imeingia sauti ya binamu yangu, yule aliyekuja mjini kufuatilia vyeti vyake akalala kwangu. Ananong'ona, na nyuma yake maji ya bomba yanasikika, yaani alijifungia bafuni kwangu kunisemea. "Jamani, tumuombee kaka. Usiku anasikiliza vitu si vya kawaida. Hakuna ngoma, hakuna maneno, mngurumo tu." Sijamaliza hata kusikiliza, shangazi keshaweka mikono ya maombi, na mjomba kaandika kwa herufi kubwa: FREEMASON.

Shikamoo mjomba. Freemason gani anadaiwa kodi na kununua umeme wa elfu mbili mbili? Kama masharti nimepewa, basi na utajiri wenyewe uletwe tuuone.

Kitu chenyewe kinaitwa Heresy, yaani uzushi wa dini. Ni albamu ya 1990 ya Brian Williams, mzaliwa wa Wales anayejulikana kwa jina la Lustmord, na wanaoupenda muziki wa dark ambient, ule wa mngurumo mzito usio na mapigo, huwezi kuwatoa kwake. Vipande sita, vyote vina namba tu. Jamaa alibeba vifaa vyake vya kurekodia akaenda kwenye vyumba vya kuzikia vilivyo chini ya makanisa, mapangoni na chini ya ardhi kwingineko, kwa sababu alitaka mwangwi wa huko. Halafu akaurudisha studio, akaupunguza mwendo, akauzamisha kwenye besi. Kazi ni hiyo.

Inatisha? Inatisha sana, na sababu yake haihitaji mganga. Sikio linapima ukubwa wa mahali kwa jinsi sauti inavyorudi. Ukikohoa ndani ya pango, mwili unajua uko pangoni hata ukiwa umefumba macho. Sasa mtu ameketi sebuleni kwangu, kochi na feni vile vile, lakini masikio yanamwambia yuko chini ya ardhi. Ongeza besi. Sauti ya Hz 30, yaani mitetemo 30 kwa sekunde, ina wimbi refu kuliko mita 11, na kichwa cha mtu ni kidogo mno kutambua inatokea upande gani. Kitu kinanguruma, hujui kilipo. Binamu yangu aliogopa kihalali kabisa. Alichokosea ni kuleta jina la pepo mahali palipohitaji jina la chumba.

Na kama ni pepo kweli, tuwaulize wenye kazi yao. Pwani pepo hapungwi kimya kimya. Kila pepo ana ngoma yake, nyimbo zake, ubani wake. Kibuki wa Unguja ndiyo usiseme, yeye anataka akodiani na brandi juu. Lustmord hana hata kopo la kugonga. Pepo gani mwenye heshima zake atakuja kwenye shughuli isiyo na ngoma?

Lakini kilichoniudhi hasa si binamu. Ni shangazi, kwa sababu shangazi ndiye anayenipeleka kwenye mikesha.

Nyote mnaujua mkesha. Saa nane usiku mchungaji anamaliza kufoka, anashusha sauti. Mpiga ngoma anaweka vijiti chini. Mpiga kinanda, ambaye sasa hivi tu alikuwa anacharaza sebene mpaka akina mama wakavua viatu, anabonyeza vidole vitatu na kuviacha hapo hapo. Sauti inatandaa, haiendi popote. Pale kwenye mitambo kijana anapandisha eko mpaka "Yesuuu" ya mchungaji inaondoka, inazunguka, inarudi toka ukutani. Ukuta gani? Tuko chini ya turubai! Na hapo ndipo watu wanaanza kulia, wengine wanaanguka, na mimi mwenyewe, nasema kweli tupu, nywele zinanisimama.

Ondoa maneno ya mchungaji, kirefushe kile kinanda kwa dakika kumi, mmefika kwa Lustmord. Mapigo yametolewa ili muda upotee. Mwangwi umeongezwa ili mahali paonekane pakubwa kuliko palivyo. Sauti moja imeshikiliwa mpaka mtu ahisi yuko mbele ya kitu kisicho saizi yake. Tofauti ni kwamba Mwelshi alijisumbua kwenda kwenye chumba chenyewe cha mawe, na kijana wetu anazungusha kitufe. Sisemi kijana anadanganya. Nasema sauti haina dini, na anayelia kwenye turubai hana haki ya kuniombea kwa kosa la kulia sebuleni.

Haya, mtasema Lustmord naye amezidi, na jina la albamu nalo ni uchokozi. Ni kweli. Tena tarehe 6 Juni 2006, yaani sita tatu zile zile, alipanda jukwaani Los Angeles baada ya kutopanda kwa takriban miaka 25, kwenye sherehe ya Church of Satan, Kanisa la Shetani la Marekani, kutimiza miaka 40. Hapo simtetei. Huyu ni mtu asiyemwamini Mungu wala Shetani, alikwenda kwa sababu mwaliko ulimchekesha, na utani wa namna hiyo ndio unaotuletea matatizo sisi wenye wajomba. Mashabiki wake nao, wale wa mishumaa na mafuvu, wanakera kuliko hata grupu la ukoo.

Anayetaka kusikiliza bila kelele za ndugu aanze na Dark Matter ya 2016. Malighafi yake ni sauti za anga alizokusanya kati ya 1993 na 2003, nyingine kutoka NASA. Wa kumkemea hapo labda nyota. Na asitumie spika ya simu, besi haitoki, atabaki anasikia upepo na kusema mnatusumbua bure.

Mimi namtafuta mpiga kinanda mmoja mwenye roho ngumu. Ipo The Word as Power ya 2013, sauti za watu zinaimba polepole juu ya ule ule mngurumo. Aiweke saa nane, mchungaji akishashusha sauti, asimwambie mtu. Shangazi atakuwa safu ya mbele.