Kilio kilichofichwa ndani ya kichekesho cha Black Flag

Mashabiki wengi wa muziki wa panki, ile roki ya kasi na kelele, huutaja wimbo "TV Party" (yaani sherehe ya runinga) wa bendi ya Black Flag kuwa ni kichekesho, mahali pa kuvutia pumzi katika albamu ya Damaged ya mwaka 1981, ambayo sehemu yake kubwa ni hasira, vilio na kujichukia. Mimi nimeusikiliza kwa miaka mingi na nina rai tofauti: katika albamu ile yote hakuna wimbo wenye giza kuuzidi huo, na giza lake linatokana na huko kuchekesha kwake.

Kisa chenyewe ni kifupi. Vijana wamekusanyika sebuleni, bia ipo, kochi lipo, runinga imewashwa, nao wameazimia kutotoka nje kwa jambo lolote lile. Mwimbaji, Henry Rollins, anaanzisha, wenzake wanaitikia kwa kelele na makofi, kisha inakuja sehemu ambapo vipindi wavipendavyo, Dallas, Hill Street Blues na vinginevyo, vinatajwa kimoja kimoja kwa sauti ya ushindi. Aliyekulia penye ngoma atautambua muundo huo mara moja, kwa sababu ni ule ule wa mwimbishaji na waitikiaji, na kazi yake tangu zamani ni kuwafanya watu wengi wawe kitu kimoja. Hapa kweli wamekuwa kitu kimoja, lakini hawana la kuambiana isipokuwa majina ya vipindi. Marafiki hawa wanasomeana ratiba.

Mtunzi wake ni Greg Ginn, mpiga gitaa wa bendi hiyo iliyoanzia Hermosa Beach, California. Jambo linalonifurahisha kumhusu ni kwamba SST, kampuni yake iliyotoa albamu hii, haikuanza na muziki hata kidogo: ilikuwa biashara ndogo aliyoianzisha akiwa kijana, ya kuuza vifaa vya elektroniki kwa wapenzi wa mawasiliano ya redio. Kwa hiyo dhihaka hii haikutoka kwa mtu anayeziogopa mashine. Imetoka kwa mtu aliyezoea kuzifungua na kuona kilichomo, akiwaimba watu ambao ujuzi wao wote ni kuketi mbele ya mashine hizo.

Wala hakutia chumvi nyingi. Mnamo Novemba 1980, kipindi cha tamthilia ya Dallas kilichofichua ni nani aliyempiga risasi J.R., mmoja wa wahusika wake wakuu, kilitazamwa na watu wanaokadiriwa kufikia milioni 83, katika nchi iliyokuwa na wakazi wapatao milioni 226. Mashirika matatu ya televisheni, ABC, CBS na NBC, ndiyo yaliyotawala jioni za Wamarekani. Agosti 1981 MTV, kituo cha video za muziki, ikaanza kurusha matangazo, na tangu hapo muziki wenyewe ukawa kitu cha kutazamwa kwenye runinga.

Kinachouokoa wimbo huu usiwe hotuba ni mahali alipokaa mwimbaji. Nyimbo nyingi za kukemea uraibu humweka mwimbaji mimbarini na wasikilizaji chini. Hapa mwimbaji yuko kochini, katikati ya wenzake, na bia mkononi. Tena waigizaji wa uvivu huu walikuwa watu waliokuwa wakijulikana kwa mazoezi ya saa nyingi na safari za maonyesho zisizokwisha, na Rollins mwenyewe alikuwa ameacha kazi katika duka la aiskrimu huko Washington ili ajiunge nao. Msikilizaji naye hana pa kusimama ili acheke kwa mbali, maana kiitikio kinanasa mara ya kwanza tu kukisikia, na kabla hajajitambua ameshakuwa mwalikwa.

(Inachekesha pia kwamba kampuni ya MCA ilikataa kuisambaza albamu hiyo kwa madai kwamba inawapinga wazazi. Sijui ni mzazi gani angekerwa na vijana wanaoapa kubaki nyumbani kila usiku.)

Kisha runinga inaharibika. Kiitikio kile kile kilichokuwa cha sherehe sasa kinatangaza kwamba sherehe haipo, na vijana wanahaha wakiulizana watafanya nini. Wamebaki na kila kitu ambacho watu wengine huhitaji ili wawe na jioni njema, yaani rafiki, kinywaji na muda, na bado wameshikwa na hofu. Nyimbo nyingine za Damaged zinamwonyesha mtu anayeyajua maumivu yake na kuyapigia kelele. Hawa hawajui hata kama wanaumwa, na malalamiko yao yote ni juu ya chombo kilichozimika.

Siku hizi husemwa kwamba wimbo huu sasa unahusu simu za mkononi. Siafiki. Simu hutazamwa na kila mtu peke yake, pembeni, hata akiwa ndani ya umati, na kwa hiyo haina kiitikio. "TV Party" ni wimbo wa sebule na wa chombo kimoja kinachowaweka watu pamoja huku kikiwanyima sababu ya kusemezana. Sisi wa Tanzania Bara, ambako vituo vya televisheni vilianza mwaka 1994, wengi wetu tuliijua runinga kwanza kwa jirani, tukiwa tumebanana sakafuni, na ndiyo maana sebule ile ya California hainipi ugeni.

Mwaka jana umeme ulikatika nyumbani kwetu tamthilia ikiwa imepamba moto. Tulibaki kama tulivyokuwa, watu saba, nyuso zimeelekea kwenye kioo cheusi, mpaka mjomba alipouliza gizani, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, "Sasa tutafanya nini?" Nilicheka peke yangu, na nilipoulizwa kulikoni, nikashindwa kueleza.