Kabla ya Kununua Jiko la Safari, Uliza Huko Wanauza Mafuta Gani

Wauzaji wa majiko ya kambi hupenda kukutajia mambo mawili: jiko lina uzito wa gramu ngapi, na linachemsha lita ya maji kwa dakika ngapi. Kwa mtu anayekwenda North Horr au Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, kwa baiskeli au pikipiki, hayo yanaweza kungoja. Ukiishiwa mafuta huko, utanunua nini, na kwa nani?

Vile vikopo vidogo vya gesi wanavyovipenda wapanda milima, visahau. Nairobi vipo katika maduka machache, ndege havipandi, na ukishaipita Marsabit usitarajie kuviona. Ndiyo maana nalitetea jiko la mafuta ya aina nyingi: chupa ya alumini, pampu, mrija na kichomeo chenye miguu. MSR WhisperLite International hutumia petroli na mafuta ya taa. Primus OmniFuel hukubali hata dizeli na gesi. Aliyewahi kuwasha karabai hatahitaji mwalimu: unapiga pampu, unalipasha moto kwanza, mafuta yanageuka mvuke, kisha moto wa buluu unanguruma.

Wasafiri wa zamani waliapa kwa mafuta ya taa, kwamba hakuna kijiji kisichokuwa nayo. Enzi zao ilikuwa kweli. Sasa taa za sola zimeyapunguzia wateja, na Kenya ilipoyawekea tozo ya Sh18 kwa lita mwaka 2018, ili watu waache kuyachanganya na dizeli, bei ikawakimbiza wengine. Mafuta ya vijijini leo ni petroli, kwa sababu ya bodaboda. Palipo na pikipiki hapakosi mtu aliyepanga chupa za petroli kando ya njia. Jiko lisilopenda petroli silitaki, hata likiwa jepesi kama unyoya.

Tatizo ni kwamba hujui ndani ya chupa ile kumetiwa nini. Jeti, yaani kile kipande chenye tundu la kutolea mafuta kwenye kichomeo, ya OmniFuel ya petroli ina tundu la milimita 0.37, ile ya mafuta ya taa na dizeli ni 0.28. Chembe moja ya vumbi la jangwa la Chalbi inatosha kukulaza na njaa. Kwa hiyo chuja mafuta kwa kitambaa safi, na uchague jiko unaloweza kulifungua na kulizibua mwenyewe ukiwa porini. WhisperLite ina sindano ndani yake: unalitikisa, tundu linazibuka. Beba jeti ya akiba na oringi (pete za mpira) za pampu. Duka lisilouza vipuri hivyo, mimi singeliachia pesa yangu. Dizeli iwe ya dharura tu. Masizi yake utayasugua hadi uichukie sufuria.

Halafu kuna ugali. Wanaoyapima majiko haya huchemsha maji wakamaliza, hawasongi kitu. Weka sufuria juu ya vile vijiguu, shika mwiko, songa kwa nguvu, uone kama chakula hakitaishia mchangani. Jaribu dukani na sufuria yako mwenyewe, muuzaji akucheke akitaka. Punguza moto pia uone, maana mengi ya majiko haya yanajua kuunguruma tu, na wali utaungua chini huku juu ukiwa mbichi.

Loiyangalani kuna upepo, ule unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Ziwa Turkana. Kwa kuwa chupa inakaa mbali na moto, unaweza kukizungushia kichomeo kinga ya bati bila hofu. Jiko linalokaa juu ya kikopo cha gesi usithubutu kulifanyia hivyo. Chupa usiijaze hadi mdomoni, acha nafasi ya hewa. Ndani ya hema usiwashe kabisa, hata mvua ikinyesha.

Na kama unakwenda na Land Cruiser, achana na haya yote. Tupia meko ya gesi, mtungi wa kilo 6, nyuma, uifunge vizuri isibingirike, ule vizuri.