Sevu haitoshi kumpima mrushaji wa akiba

Februari 2017 Dellin Betances, mrushaji wa akiba, yaani anayeingia mechi ikiendelea kumpokea mwenzake, alifika mbele ya jopo la usuluhishi la mishahara la ligi kuu ya besiboli ya Marekani akidai dola milioni 5 kwa msimu uliokuwa ukikaribia. Klabu yake, New York Yankees, ilitaka kumlipa milioni 3, na jopo likakubaliana na klabu. Desemba iliyotangulia, klabu hiyohiyo ilikuwa imempa Aroldis Chapman, mrushaji wa kumalizia mechi, mkataba wa miaka 5 wa milioni 86. Ni kweli Chapman alikuwa huru sokoni, na hilo peke yake hupandisha bei. Lakini hoja ambayo klabu ilitumia dhidi ya Betances ilikuwa nyingine: hakuwa mmalizaji wa mechi, kwa hiyo hakuwa na sevu nyingi, yaani hesabu ya mechi alizozimalizia timu ikiwa mbele.

Nionavyo mimi, hoja hiyo ni mbovu, na inaendelea kuwaumiza vijana wengi wanaoishi kwa kazi hii.

Sevu, ambayo ni takwimu rasmi tangu 1969, hupewa mrushaji anayeimaliza mechi ambayo timu yake inashinda, mradi si yeye aliyeandikiwa ushindi wenyewe. Sharti linalotumika zaidi ni kwamba aingie timu ikiongoza kwa pointi zisizozidi 3 na arushe angalau kipindi kimoja kizima. Sasa fikiria warushaji wawili. Wa kwanza anaingia kipindi cha 9, cha mwisho, timu inaongoza kwa pointi 3, besi zote (vituo vya wakimbiaji) tupu. Anaruhusu pointi 2, anapata auti 3 (wapinzani watatu wametolewa, kipindi kimeisha), anaandikiwa sevu. Wa pili anaingia kipindi cha 7, uongozi ni wa pointi 1, besi zote tatu zina wakimbiaji na hakuna auti hata moja. Anawatoa wapigaji watatu bila pointi kuingia. Huyu wa pili ndiye aliyeokoa mechi, lakini sevu hapati.

Tena akiruhusu pointi ya kusawazisha tu, huandikiwa kwamba amepoteza nafasi ya sevu, ingawa wakimbiaji wale waliachwa na mwenzake. Wastani wa pointi anazoruhusu mrushaji kwa kila vipindi 9 nao una kasoro yake, kwa sababu wakimbiaji wa kurithi, yaani aliowakuta kwenye besi, wakifika nyumbani na kufunga, pointi huhesabiwa kwa aliyewaacha. Mrushaji anayewaacha wakimbiaji wa wenzake wafunge kila siku anaweza kubaki na wastani safi kabisa. Ndiyo maana kabla ya kumsifu au kumlaumu mrushaji wa akiba, mimi huangalia kwanza aliingia wakati gani, alikuta nani kwenye besi, na wangapi kati yao walifika nyumbani.

Mameneja wenyewe wametegwa na takwimu hii. Mwaka 2016 Zack Britton, mmalizaji wa Baltimore Orioles, alipata nafasi 47 za sevu na akazipata zote 47, kwa wastani wa 0.54. Kwenye mechi ya mtoano ya Oktoba dhidi ya Toronto matokeo yalikuwa sare, nafasi ya sevu ikawa haijajitokeza, na Britton akabaki bulipeni, mahali warushaji wa akiba wanapopashia mikono. Kipindi cha 11 Edwin Encarnación wa Toronto alimpiga Ubaldo Jiménez wa Orioles houmurani (pigo la kuzunguka besi zote) ya pointi 3, na msimu wa Orioles ukaishia hapo. Mwezi huohuo Terry Francona, meneja wa Cleveland, alikuwa akimwingiza mrushaji wake wa akiba Andrew Miller kipindi chochote ambacho hatari ilikuwa kubwa, hata cha 5, na Cleveland wakafika fainali.

Kuna kazi nyingine isiyoandikwa popote. Simu ya bulipeni ikilia, mrushaji husimama na kupasha mkono, mara nyingi kwa mirusho 20 hadi 30, na ile ya mwisho huwa karibu na nguvu zake zote. Timu yake ikiongeza pointi, anaambiwa akae. Kipindi kinachofuata simu inalia tena. Anaweza kusimama mara mbili usiku mmoja asiguse uwanja, na kesho akahesabiwa kuwa amepumzika. Mrushaji wa akiba hurusha karibu na kasi yake ya juu kila mpira, kwa kuwa kazi yake ni kipindi kimoja, na mzigo huo hubebwa na kano ya ndani ya kiwiko pamoja na bega. Kano ikikatika, upasuaji uliofanyika kwa mara ya kwanza 1974 kwa Tommy John huhitaji miezi 12 hadi 18 kabla ya kurudi.

Betances alibeba mzigo wa aina hiyo. Mwaka 2014 alirusha vipindi 90 na kuwatoa wapigaji 135 kwa straiki, yaani walishindwa kuupiga mpira vizuri, akiivunja rekodi ya klabu ya Mariano Rivera, 130 ya 1996, kwa warushaji wa akiba. Kwa misimu 5 mfululizo hakushuka chini ya 100. Mwaka 2019 bega lilimweka nje karibu msimu mzima. Aliporudi Septemba aliwatoa wapigaji 2, kisha akaumia kano ya kisigino. Majira yale ndipo alipokuwa huru sokoni kwa mara ya kwanza. Alipata mkataba mfupi na New York Mets, na 2022 akastaafu.

Ligi hutaka miaka 6 ya utumishi kabla ya mchezaji kuwa huru, na mwaka mmoja ni siku 172 kikosini. Mkono wa mrushaji wa akiba mara nyingi hausubiri kiasi hicho. Kwa hiyo jopo la mishahara lipewe takwimu za wakimbiaji wa kurithi na uzito wa dakika ambayo mrushaji aliingia. Klabu nazo zilazimishwe kuandika kila mara mrushaji anaposimamishwa bulipeni, na idadi ya mirusho aliyorusha huko, na hesabu hiyo apewe yeye na wakala wake kabla ya mazungumzo ya mkataba kuanza.